Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh (1831–1910): Baba wa Bethel na Chimbuko la Huduma ya Lutindi

Jina la Bethel si geni katika sharika za Kilutheri za Usambara, Tanga na Buhaya. Wazee walilisikia kwa wamisionari, na hata leo linatajwa katika taarifa za Dayosisi na katika ziara za wageni kutoka Ujerumani. Hata hivyo wengi wanaolitaja hawajui kwamba Bethel ilianza kama makao ya watu wenye kifafa, na kwamba mtu aliyeifanya ijulikane duniani ndiye aliyewatuma pia wahudumu wa kwanza wa nyumba ya wagonjwa wa akili ya Lutindi. Maisha ya mtu huyo yanastahili kukumbukwa katika mwaka wa jubilei, kwa kuwa swali alilolijibu kwa maisha yake lingali mbele ya Kanisa: mtu ambaye ugonjwa wake hauponi ana nafasi gani kati ya watu wa Mungu?

Kuzaliwa na Malezi

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi, 1831 katika Haus Mark, karibu na mji wa Tecklenburg, jimbo la Westfalia nchini Ujerumani. Baba yake, Ernst von Bodelschwingh, alikuwa mtumishi wa serikali ya Prussia, akapanda ngazi hadi kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1842, na baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani. Kwa sababu ya kazi ya baba, kijana Friedrich alikulia karibu na jumba la kifalme mjini Berlin, akacheza na mwana wa mfalme ambaye baadaye alitawala kwa muda mfupi kama Kaizari Friedrich III.

Kwa malezi ya namna hiyo ingetazamiwa kwamba angeshika cheo serikalini. Yeye alichagua kilimo. Baada ya kujifunza kazi hiyo aliajiriwa kuwa msimamizi wa shamba kubwa huko Gramenz, Pomerania. Hapo aliwaona vibarua wa shambani katika umaskini wao, akaona jinsi ulevi ulivyovunja nyumba zao. Siku moja alisoma kijitabu cha misheni kilichosimulia habari za mtoto maskini wa Kichina, nacho kikamgusa moyo kuliko vitabu vingi vikubwa. Akaamua kuwa mmisionari. Mwaka 1854 alikwenda Basel, Uswisi, kusoma theolojia, na baadaye akaendelea na masomo Erlangen na Berlin.

Miaka ya Paris

Njia ya kwenda mbali haikufunguka kama alivyotazamia. Mwaka 1858 alipelekwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kuwahudumia Wajerumani maskini waliokwenda huko kutafuta riziki. Wengi wao walikuwa wafagiaji wa barabara na wafanyakazi wa viwandani. Waliishi katika vibanda, na watoto wao walikua bila shule na bila ubatizo. Bodelschwingh alianza na darasa dogo la watoto, na kutoka darasa hilo ukachipuka usharika wenye kanisa na shule juu ya kilima.

Mwaka 1861 alimwoa Ida von Bodelschwingh, binti wa ndugu wa baba yake. Mama Ida aliacha nyumba ya kitajiri akaja kuishi miongoni mwa wafagiaji wa barabara. Maisha ya Paris yalimdhoofisha afya, na mwaka 1864 familia ikarudi Ujerumani, ambako Bodelschwingh aliitwa kuwa mchungaji wa usharika wa vijijini wa Dellwig, karibu na Unna.

Msiba wa Dellwig

Mwanzoni mwa mwaka 1869 Mchungaji na Mama Ida walikuwa na watoto wanne. Mwezi Januari wa mwaka huo maradhi ya kuambukiza yaliingia nyumbani mwao. Katika muda wa wiki mbili tu, watoto wote wanne walifariki dunia. Wazazi wakabaki katika nyumba isiyo na sauti ya mtoto.

Bodelschwingh hakuuficha msiba huo. Aliandika kijitabu kuhusu maisha na vifo vya watoto wake, nacho kikasomwa na wazazi wengi waliofiwa. Katika maisha yake yote alikiri kwamba siku hizo zilimfundisha jinsi Mungu anavyoweza kuwa mzito kwa wanadamu, na kwamba hapo ndipo alipojifunza kuwahurumia wengine. Baadaye Mungu aliwajalia watoto wengine wanne: Wilhelm, Gustav, Frieda na Friedrich. Hata hivyo mtu aliyekwenda kuwahudumia wagonjwa wasiopona alikuwa amekwisha kuketi penye vitanda vinne ambavyo hakuna dawa iliyofaa kitu.

Kuitwa Bielefeld

Katika karne ya 19 wenye kifafa walikuwa miongoni mwa watu waliotupwa zaidi Ulaya. Shule hazikuwapokea, waajiri waliwakimbia, na wengi waliishia katika nyumba za maskini au walifungiwa pamoja na watu wenye magonjwa ya akili. Dawa iliyokuwapo, yaani bromidi, iliwapunguzia baadhi yao idadi ya mianguko bila kuwaponya. Jambo hili halihitaji kufafanuliwa sana kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Hapa pia ilikuwapo imani kwamba povu la mgonjwa huambukiza, hata mtu akaanguka motoni na waliomzunguka wakaogopa kumshika. Leo inajulikana kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, na wengi wakitumia dawa ipasavyo hukaa bila kuanguka.

Mwaka 1867 Wakristo wa Westfalia na Rheinland walifungua makao madogo ya wenye kifafa katika nyumba ya shamba karibu na mji wa Bielefeld, wakaiita Ebenezeri. Mwaka 1869 ilianzishwa karibu nayo nyumba mama ya masista mashemasi, iliyoitwa Sarepta. Mwaka 1872 Bodelschwingh aliitwa kuongoza kazi zote mbili. Muda mfupi baadaye makao yale yakapewa jina la Bethel, yaani Nyumba ya Mungu.

Kijiji Badala ya Gereza

Nyumba nyingi za wagonjwa wa akili za wakati huo zilijengwa kama ngome: ukuta mrefu, lango moja, na vyumba vya kufungia. Bodelschwingh alitaka kijiji. Badala ya kuongeza jengo moja kubwa, alinunua mashamba na nyumba za jirani moja baada ya nyingine, akazipa majina ya Biblia. Katika kila nyumba waliishi wagonjwa pamoja na mashemasi au masista waliowalea kama familia. Mwaka 1877 ilianzishwa Nazareti, nyumba ya kuwafundisha mashemasi wa kiume. Mwaka 1884 likawekwa wakfu Kanisa la Sayuni juu ya kilima, na humo mtu aliyeanguka kifafa katikati ya ibada hakutolewa nje kwa aibu. Alihudumiwa, na ibada ikaendelea.

Msingi wa pili ulikuwa kazi. Bodelschwingh aliamini kwamba mtu anayelishwa bila kuhitajiwa hufa moyo kabla ya mwili. Kwa hiyo Bethel ilikuwa na mashamba, bustani, tanuri la matofali, useremala, uhunzi na ufundi wa vitabu. Mwaka 1888 ilianza kazi ya kukusanya stempu zilizotumika, ili hata mgonjwa dhaifu aweze kukaa mezani akizichambua. Mwaka 1890 ukafuata mradi wa kukusanya vitu vikuukuu, nguo, viatu na vyombo, ambavyo wagonjwa walivitengeneza vikatumika tena. Jina la mradi huo lilitokana na habari ya vipande vilivyokusanywa baada ya Bwana Yesu kulisha watu elfu tano, ili kisipotee kitu. Kila aliyeijua Bethel alielewa kwamba fundisho hilo liliwahusu watu kabla ya kuhusu nguo.

Huruma yake ilivuka mipaka ya Bethel. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, makao ya kazi kwa watu waliotangatanga barabarani bila ajira. Mwaka 1885 alianzisha chama cha kuwasaidia wafanyakazi kujijengea nyumba. Mwaka 1903 alichaguliwa kuingia katika Bunge la Prussia, na huko alipigania sheria ya kuwasaidia wasio na kazi wala makao, iliyopitishwa mwaka 1907. Mwaka 1905 alifungua Hoffnungstal karibu na Berlin. Hapo kila mtu asiye na makao alipewa chumba chake kidogo, jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa anasa, kwa kuwa watu wa namna hiyo walizoea kulazwa kwa makumi katika bweni moja.

Mapungufu na Mabishano

Si haki kumwandika mtu kana kwamba hakuwa na mapungufu. Bodelschwingh alitawala Bethel kama baba wa nyumba, na si kila aliyefanya kazi chini yake aliona hilo kuwa jepesi. Katika miaka ya 1890 palitokea mabishano makali kati ya wachungaji na madaktari wa magonjwa ya akili nchini Ujerumani. Madaktari walidai kwamba nyumba ya wagonjwa lazima iongozwe na daktari. Bodelschwingh na wenzake waliogopa kwamba mgonjwa angebaki kuwa kitu cha uchunguzi, wakashikilia uongozi wa Kanisa. Historia imeonyesha kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Huruma bila elimu ya tiba inaweza kumnyima mgonjwa dawa inayomfaa, na elimu bila huruma inaweza kumnyima ubinadamu. Bethel yenyewe baadaye ikawa mahali panapoheshimika kwa utaalamu wa tiba ya kifafa.

Macho Kuelekea Afrika Mashariki

Ndoto ya ujana ya kuwa mmisionari haikuzimika. Mwaka 1886 ilianzishwa mjini Berlin jumuiya ya misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chanzo chake kilichanganyika mno na hamu ya ukoloni, na katika miaka yake ya kwanza ilikosa watu na mwelekeo. Mwaka 1890 Bodelschwingh aliingia katika uongozi wake, na tangu hapo Bethel ikawa chemchemi ya wahudumu wake. Kituo cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1890, na Mlalo mwaka 1891. Vuga ilifuata mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Mwaka 1906 makao makuu ya jumuiya yalihamia Bethel, nayo ikajulikana kwa jina la Misheni ya Bethel. Kutoka Usambara kazi ilivuka hadi Rwanda mwaka 1907, na Buhaya mwaka 1910.

Bodelschwingh mwenyewe hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Alikuwa mtu wa wakati wake, mtii kwa Kaizari, wala hakupinga utawala wa kikoloni uliowafungulia wamisionari njia. Hata hivyo alidumu kufundisha kwamba mahubiri na huduma ya mwili havitenganishwi, na kwamba mmisionari asiye na nafasi ya mgonjwa hajaileta Injili yote.

Lutindi

Mafundisho hayo yalichukua sura huko Lutindi, katika milima ya Usambara, ambayo leo iko Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga. Mwaka 1893 Wakristo wa Ujerumani waliunda Chama cha Kiinjili cha Afrika kwa ajili ya kupinga utumwa. Mwaka 1896 chama hicho kilifungua Lutindi kuwa makao ya watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Wahudumu wake walikuwa mashemasi wa Nazareti, na anayekumbukwa zaidi kati yao ni Shemasi Bokermann.

Miaka ilipopita, idadi ya watoto walioletwa ilipungua. Wakati huohuo lilionekana hitaji lingine. Katika miji ya pwani, mtu aliyerukwa na akili alikuwa na mahali pamoja tu pa kupelekwa na serikali, napo ni gerezani. Hapo alikaa na pingu pamoja na wezi na wauaji, ilhali hakuwa na kosa. Kwa wahudumu waliotoka Bethel jambo hilo halingeweza kupita bila kuonwa. Katika miaka ya 1904 na 1905 Lutindi ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, mojawapo ya za kwanza kabisa katika Afrika Mashariki. Nyumba iliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliofungwa minyororo ya utumwa ikapokea watu waliofungwa minyororo kwa sababu ya ugonjwa.

Utaratibu wa Lutindi ulifuata ule wa Bethel: hewa safi ya mlimani, ibada, chakula cha pamoja, na kazi za shamba na ufundi kwa kila mmoja kadiri ya nguvu zake. Ni kweli kwamba serikali ya kikoloni iliwapeleka wagonjwa huko kwa sababu zake yenyewe, ikitaka utulivu mijini, na wagonjwa hawakuulizwa kama walitaka kwenda. Dawa zilizoweza kutibu maradhi yao hazikuwapo bado popote duniani. Lakini kati ya seli ya gereza na kilima cha Lutindi palikuwa na tofauti kubwa: huku mtu aliitwa kwa jina lake, akapewa jembe, na jioni akaimba pamoja na wenzake.

Kufariki na Kujaribiwa kwa Urithi Wake

Mama Ida alifariki mwaka 1894. Mchungaji Bodelschwingh aliendelea na kazi hadi nguvu zilipomwishia, akafariki Bethel tarehe 2 Aprili, 1910, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa katika makaburi ya Bethel, katikati ya watu aliowatumikia. Mwanawe mdogo, Friedrich, aliyeitwa Fritz, alishika uongozi baada yake. Mwanawe mwingine, Gustav, alitumika kama mmisionari Afrika Mashariki. Aliporudi Ujerumani akawa mchungaji huko Dünne, na katika miaka ya 1920 aliwafundisha maskini kujijengea nyumba za udongo, ufundi ambao asili yake aliiona kwa wajenzi wa Kiafrika. Hivyo Bethel iliyopeleka ikawa pia imepokea.

Jaribu kubwa la urithi huo lilikuja chini ya utawala wa Hitler. Sheria ya mwaka 1933 iliamuru wagonjwa wa aina fulani waondolewe uwezo wa kuzaa kwa nguvu, na katika hilo Bethel ilitii. Wagonjwa wengi walifanyiwa upasuaji huo. Kisha, kuanzia mwaka 1939, serikali ilipanga kwa siri kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu, ikidai kwamba maisha yao hayana thamani. Mwaka 1940 fomu za kuwaorodhesha wagonjwa zilifika Bethel. Fritz von Bodelschwingh alikataa kuzijaza. Mchungaji Paul Gerhard Braune, aliyeongoza makao ya Hoffnungstal, aliandika waraka wa kuyapinga mauaji hayo akafungwa kwa muda. Kwa kukataa huko wagonjwa wengi wa Bethel waliokoka. Lakini si wote: mwezi Septemba 1940 wagonjwa Wayahudi walichukuliwa kutoka Bethel wakauawa. Kanisa linaposimulia habari za Bethel, linapaswa kusimulia sehemu zote mbili, ushujaa na kushindwa, kwa kuwa wafu hao nao walikuwa watu wa nyumba ile.

Lutindi nayo ilipita katika dhoruba zake. Vita viwili vya dunia viliwaondoa wahudumu wa Kijerumani, lakini huduma haikuzikwa. Leo Hospitali ya Lutindi ingali inawapokea wagonjwa wa akili na wenye kifafa chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ikiendeshwa na Watanzania kwa ushirikiano na marafiki wa ng'ambo. Dawa ambazo mashemasi wa kwanza hawakuwa nazo sasa zipo, na kazi za mikono, kilimo na shamba la chai vingali sehemu ya uponyaji.

Mchungaji Bodelschwingh aliacha hospitali, vyuo na vituo vya misheni, lakini ushuhuda wake hupimwa kwa jambo dogo zaidi. Hupimwa katika kila usharika siku ambayo mtu anaanguka kifafa katikati ya ibada, au siku ambayo wazee wa Kanisa wanasikia kwamba katika nyumba fulani ya Mkristo kuna ndugu aliyefungiwa chumba cha nyuma kwa miaka mingi ili wageni wasimwone. Usharika unaofika mlangoni pa nyumba hiyo, ukaomba ufunguo, ukampeleka mgonjwa kwenye tiba na kumwekea nafasi kwenye benchi siku ya Jumapili, umeipokea kazi ya Bethel hata kama jina la mwanzilishi wake limesahauliwa.